Shahidi Asiyerithi

Tulipoachana, msomaji wangu, kalamu ya wakili ilikuwa imesimama juu ya saini moja chini ya wosia wa Mzee Randa, na wakili alikuwa ameuliza swali lililonyamazisha ofisi nzima: "Saini hii ya shahidi ni ya nani?"

Wengi mmenisimamisha njiani mkitaka jibu. Mmoja alinifuata mpaka kwa kinyozi, nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Haya, jibu hili hapa, na mwenye leso aiweke karibu.

"Ni yangu," alisema Vanishi.

Tena alisema kwa fahari, kidevu juu, kama mtu aliyeulizwa ni nani kaling'arisha kabati lile. Vanishi ndilo jina alilojulikana nalo mtaa mzima. Mikono yake ilinuka vanishi tangu utotoni, na hakuna samani iliyotoka kwenye karakana ya Mzee Randa bila kupita mikononi mwake.

"Una hakika?"

"Mama Wakili, mtu anasahau saini yake?"

Wakili akavua miwani. Alikuwa mama mnene, mwenye mafua ya kudumu, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kila neno la sheria lilisindikizwa na kelele za mabati yakishushwa kule chini. Akapenga kamasi. Akakunja leso polepole, akaikunja tena. Mtu mzima akifanya vile ujue anatafuta pa kuanzia.

"Na hii nyingine?"

"Hiyo yangu," akadakia Mama Cherehani, mshonaji aliyepakana ukuta kwa ukuta na karakana. "Nimemshuhudia jirani yangu. Kwani kuna kosa?"

"Kosa lipo."

Kaka mtu akainua kichwa. Huyu ndiye mtoto pekee wa damu wa Mzee Randa, aliyehamia mbali miaka mingi na kurudi kwa ajili ya mazishi. Mkewe alikaa pembeni yake, pochi mapajani, ameishikilia kwa mikono miwili kama yuko stendi.

"Dada," wakili akamwambia Vanishi, "karakana ameachiwa nani, unajua?"

"Sijui. Sikusoma."

"Umeachiwa wewe. Na meza ya kazi, na vyombo vyote, na mbao zote."

Vanishi alifunika mdomo. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hicho. Tangu mazishi alikuwa akilala na kuamka na wazo moja tu, kwamba atafukuzwa pale alipokulia, kwa sababu yeye hakuzaliwa na Mzee Randa. Aliingia nyumba ile akiwa mtoto wa miaka minne, ameshika sketi ya mama yake. Mama akafa mapema, na yule seremala asiye na maneno akabaki naye. Machozi yakamtoka, ya furaha, ya kwanza tangu msiba.

"Usilie kwanza," wakili akasema. "Umeachiwa, halafu umenyang'anywa. Na aliyekunyang'anya ni mkono wako mwenyewe."

Mama Cherehani akaguna. "Sema Kiswahili, mama. Sisi si mahakimu."

"Nitasema. Shahidi wa wosia kazi yake ni kumwona mwenye mali akitia saini, ili kesho asije mtu kusema mzee alilazimishwa au saini ni ya kughushi. Kwa hiyo anatakiwa awe mtu asiyepata chochote humo. Ukishuhudia wosia ambao wewe mwenyewe umepewa kitu, wosia unabaki mzima, lakini lile fungu lako linaanguka."

"Linaangukia wapi?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa wifi. Tangu waingie alikuwa hajatoa neno.

"Linaangukia kwenye mabaki ya mali. Yaani kila ambacho hakikutajwa, au kilichokosa mwenyewe. Na mabaki, mzee amemwachia mwanawe wa kiume, juu ya nyumba aliyompa humohumo kwenye wosia."

Kiti cha wifi kikalia. Vanishi alikitazama kile kiti bila kukusudia, akaona kiungo chake kimelegea, kimepigwa msumari badala ya gundi. Ndivyo akili inavyofanya ikikataa kusikia, inakimbilia kule ilikozoea.

"Lakini mimi sikusoma," akasema taratibu. "Baba alifunika maandishi kwa karatasi ya msasa. Akaacha pale pa kutia saini tu. Sikujua nimepewa nini, Mama Wakili. Wallahi sikujua."

"Nakuamini. Sheria haiulizi ulijua au hukujua."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu najua wapo wanaosema huyu mzee alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Kila kazi iliyotoka karakana ya Mzee Randa, iwe kitanda cha maharusi au kigoda cha jikoni, ilipinduliwa miguu juu kabla ya kupakiwa. Mzee aliandika jina lake chini kwa penseli. Kisha akamwita Vanishi. Vanishi alipitisha kiganja kwenye kila ubao, kila pembe, na akiridhika akatia saini yake pembeni ya ile ya mzee. Wateja walizoea kuinama kutazama uvunguni kabla ya kulipa, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Kazi isiyo na mikono miwili haitoki mlangoni kwangu," ndivyo alivyosema mzee, na hayo yalikuwa karibu maneno yake yote kwa siku.

Kuna mwaka Vanishi alishikwa na homa kali. Meza ya watu ilikuwa tayari, gari limeshafika, bibi harusi anapiga simu analia. Mzee Randa akawaambia wapakiaji wakae chini wanywe maji. Meza ile ilingoja mpaka Vanishi alipokuja amejifunga blanketi, akapapasa, akatia saini huku meno yakigongana.

Mtu wa namna hiyo, kifua kimembana, kitandani, amemaliza kuandika kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, ulitaka amwite nani? Wengine wangemwita muuza duka. Yeye akamwita Vanishi, akamwambia, "Tia mkono, kazi itoke." Ndilo kosa lake lote. Alimpa binti zawadi, na kwa mapenzi yaleyale akaivunja.

Na bahasha ya wosia, mzee aliifunga kwa gundi ya mbao. Wakili alisema ilimbidi aikate kwa kisu cha mkate. Aliyeibeba mpaka ofisini pale, akapanda nayo ngazi, akaikabidhi mkono kwa mkono, ni Vanishi mwenyewe.

"Angekuja kuniuliza swali moja tu," wakili akasema. "Moja."

"Basi nileteeni kalamu!" Mama Cherehani akasimama. "Tumfute huyu mtoto, mimi nitie mara mbili. Au hapo chini kuna yule kijeba wa mabati, anamfahamu mzee, tumwite apande atie saini."

"Mama, shahidi anashuhudia mtu aliye hai akitia saini. Marehemu hatatia tena. Mkimwita huyo wa mabati, mnapanda naye ngazi za hapa mnateremkia zile za polisi."

Mama Cherehani akakaa.

Hapo ndipo Kaka mtu alipofanya jambo ambalo hata mimi ninayewasimulia sikulitegemea. Aliinuka, akazunguka meza, akamshika Vanishi mabega.

"Mdogo wangu, usilie. Karakana ni yako. Baba amesema, imekwisha. Si nimeandikwa mimi ndiye mtekelezaji wa wosia? Basi natekeleza. Nimekupa."

Vanishi akamwegemea kifuani, akalia kwa sauti kama mtoto. Huyu ndiye Kaka aliyemjua. Siku ile ya kwanza alimmegea mkate wake bila kuambiwa na mtu. Vanishi alipoiangusha randa bora ya mzee ikapasuka, Kaka ndiye aliyesema "nimevunja mimi," na kichapo akala yeye. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini sahani ilikuwa moja.

Wakili akakohoa. "Bwana mdogo, taratibu. Mtekelezaji wa wosia si mwenye mali. Ni mpagazi. Marehemu amekutwika mzigo uufikishe kwa wenyewe: ukusanye mali, ulipe madeni, ugawe kama ilivyoandikwa. Mpagazi hafungui gunia njiani akaanza kugawa."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana kwa njia nyingine. Mahakama ikishauthibitisha wosia, karakana itakuwa yako kwa lile fungu la mabaki. Ikishakuwa yako, unaweza kumpa umpendaye. Kwa hiari yako."

"Basi nitampa. Andika."

Vanishi alimbusu mkono. Mama Cherehani akapiga kigelegele kidogo cha ndani ya koo, kwa heshima ya ofisi.

"Baba nanihii," wifi akasema, amesimama tayari. "Njoo nje mara moja."

"Subiri kidogo, mama."

"Mara moja tu."

Wakatoka kwenye ujia. Mlango wa ofisi ulikuwa wa kioo cha ukungu, unaona vivuli huoni nyuso. Kivuli cha wifi hakikurusha mikono wala hakikupiga kelele. Kilisema polepole, kikanyoosha kidole kimoja, kisha cha pili. Kivuli cha Kaka kilianza kikiwa kimesimama wima. Vanishi alikitazama kikipungua, kichwa kikishuka, mpaka kikaegemea ukuta. Akajua kabla mlango haujafunguka.

Kaka aliporudi hakuzunguka meza. Alikaa.

"Nimefikiria," akasema, akimwambia wakili. "Mambo ya mali si ya kukurupuka. Sheria ni msumeno. Tuiache ikate."

"Kaka."

"Tuna watoto, Vanishi. Tunakaa vyumba vya kupanga. Kiwanja kile cha karakana kipo barabarani."

"Kaka, nitazame."

Hakumtazama. Alikuwa anasoma kalenda iliyokuwa ukutani, na kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita.

"Msumeno naujua mimi," Vanishi akasema. "Nimeushika maisha yangu yote. Haukati wenyewe. Unakata pale mwenye mkono anapoupeleka."

Wifi akafungua pochi, akaifunga.

Hapa, msomaji, mtu angedhani mambo yameisha, tufunge ofisi kila mtu aende kwake na majonzi yake. Lakini wakili alikuwa bado anaitazama ile ya Mama Cherehani, saini ya pili, ameinamisha kichwa kama kuku aliyeona punje.

"Mama," akasema, "hebu nikuulize. Siku hiyo Mzee Randa alitia saini ukimwona?"

"Nimekwambia nimemshuhudia."

"Hilo umesema. Ulimwona akiandika?"

Mama Cherehani akajikuna shingo. "Kumwona hasa, hapana. Vanishi alikuja kuniita nikiwa na pini mdomoni, nakunja pindo la gauni la mtu. Nilipofika mzee kishatia yake, kishalala. Vanishi akanionyesha pa kuandika, nikaandika, nikarudi kwenye gauni."

"Alikwambia kwamba ile saini ni yake?"

"Mtu aliyelala atasema nini? Hata kukoroma hakukoroma, maskini."

Wakili akaweka kalamu chini.

"Basi nisikilizeni wote," wakili akasema. "Mimi ni wakili wa marehemu, si wa mtu yeyote aliyekaa hapa, na sheria sitaificha. Mashahidi lazima wawe wawili, na kila mmoja amwone mwenye wosia akitia saini, au amsikie akikiri kwamba ameitia. Huyu mama hakuona wala hakusikia. Jambo hilo likifika mahakamani, huu si wosia. Ni karatasi tu. Na Mzee Randa atahesabika amekufa bila wosia."

Kaka mtu akageuka. "Ikiwa hivyo?"

"Ikiwa hivyo, mtekelezaji hayupo tena. Mahakama itateua msimamizi wa mirathi, na mali itagawanywa kama sheria inavyosema, si kama mzee alivyosema."

"Na sheria inasema mtoto wa damu," wifi akadakia.

"Mtoto wa damu kwanza. Lakini yupo pia mtegemezi, yaani mtu ambaye marehemu alimlisha, akamlea, akamweka nyumbani kama mwanawe. Huyo naye ana haki ya kuomba fungu. Na mtu akifa bila wosia, hakuna anayemwuliza mtegemezi kama alishuhudia, maana hakuna kilichoshuhudiwa."

Mama Cherehani alielewa kabla ya wote. "Vanishi! Mwanangu! Unasikia? Karakana inarudi!"

Vanishi alikuwa anasikia. Akasogeza kiti mbele. "Nifanye nini?"

"Uweke pingamizi," wakili akasema. "Kabla wosia haujathibitishwa. Unakwenda mahakamani unaapa kwamba karatasi hii si wosia halali wa marehemu. Mama Cherehani anaeleza alivyoeleza hapa. Kisha unaomba kama mtegemezi. Siahidi kitu, lakini njia ipo."

"Niandikie. Niandikie sasa hivi."

"Kwanza usome unachotaka kukipinga. Ni haki yako."

Akaigeuza karatasi, akaisogeza. Ndipo Vanishi alipouona kwa mara ya kwanza wosia wa mzee, ule aliousainia ukiwa umefunikwa msasa. Mwandiko ulikuwa uleule wa chini ya viti, wa penseli nene, ingawa safari hii alitumia wino. Mistari ilikuwa michache. Akasoma habari ya nyumba. Akashuka.

*Karakana yangu na vyote vilivyomo nampa binti yangu.*

Akasoma tena. Akaweka kidole juu yake.

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje hili mkalielewa. Mzee Randa hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Vanishi, au fundi, au "wewe." Alimwuguza, alimsomesha, alimfundisha kuijua mbao kwa harufu, lakini neno lile halikuwahi kumtoka kinywani, na Vanishi hakuwahi kuliomba. Usiku wa msiba watu walipopanga mstari wa watoto wa marehemu, mtu mmoja alimshika mkono akamtoa pembeni kwa upole, akasema hapa wanakaa wanawe. Alikwenda kukaa na majirani. Hakuwa na kitu cha kumjibu. Na kitu chenyewe kilikuwa hapa wakati wote, kimefungwa kwa gundi.

"Hakuandika mtoto wa kambo," akasema. Hakuwa akimwambia mtu.

"Hakuandika," wakili akakubali.

"Nikiweka pingamizi nikashinda, karatasi hii inakuwaje?"

Wakili akapenga kamasi ambayo haikuwepo.

"Inabatilishwa. Inaingia kwenye faili. Kwa sheria itakuwa kama haikuandikwa."

"Na neno hili?"

"Pamoja na neno hilo."

Vanishi akainama mezani, akalia. Hakulia kwa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakienda. Mama Cherehani akamwekea mkono mgongoni.

"Lipo jambo jingine," wakili akasema kwa sauti ya chini. "Ukiomba kama mtegemezi, mahakama itataka mtu wa nyumba ile athibitishe ulilelewa kama mtoto. Si jirani. Mtu wa ndani. Na waliokuwa ndani, waliobaki hai, ni mmoja."

Wote wakamgeukia.

"Kwa hiyo nakuuliza wewe, bwana," wakili akaendelea, "hapa hapa, nijue kama kuna kesi au hakuna. Huyu dada aliishi nyumbani kwa baba yako kama nani?"

Kaka mtu alipangusa jasho juu ya mdomo. Vanishi aliinua uso wenye machozi akamtazama, na alimtazama bila hasira, alimtazama kama siku ile ya randa iliyopasuka, akingoja aseme neno litakalomwokoa.

Wifi hakumgusa. Hakuwa na haja.

"Alikuwa... alikuwa anamsaidia baba kazi," akasema Kaka.

"Kama mtoto wa nyumbani?"

"Kama fundi."

"Mfanyakazi?"

"Ndiyo," akasema. "Mfanyakazi."

Mama Cherehani aliinuka mpaka kiti kikaanguka. "We mwana kulaaniwa! Kuzaa si kazi, kazi kulea, na babako kawalea wote wawili kwenye mkeka mmoja, nikiwaona kwa macho yangu! Nimekushonea kaptura kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la huyu! Mfanyakazi?"

"Mama, kaa," wakili akasema.

"Sikai!"

"Mama," Vanishi akasema. "Kaa, tafadhali."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mama Cherehani akakiokota kiti, akakaa. Vanishi akajifuta uso kwa kiganja, akajivuta mbele. Mtu anayemfahamu angekwambia kwamba hivyo ndivyo alivyokaa karakana kabla ya kupitisha mkono kwenye kazi ya mzee.

"Mama Wakili, na nisipoweka pingamizi?"

"Wosia utakwenda kuthibitishwa. Utasimama, kwa kuwa hakuna aliyeupinga. Fungu lako litaanguka. Karakana itakwenda kwa kaka yako."

"Nani ataupeleka mahakamani?"

"Mtekelezaji. Yeye huyu."

"Ataupeleka tu, au kuna atakachosema?"

Wakili akamtazama sana. Kisha akaivaa miwani yake, na mimi nadhani alikuwa ameanza kuona Vanishi anakokwenda.

"Ataapa. Atashika kitabu chake cha dini, mbele ya hakimu na watu waliokaa, atasema kwamba huu ndio wosia wa kweli wa baba yake, na kwamba kila kilichomo ni kauli ya baba yake. Bila kiapo hicho hauthibitishwi. Na usipothibitishwa, hapati karakana kwa lile fungu la mabaki; mambo yanarudi kwa msimamizi wa mirathi na ombi la mtegemezi, na hapo hakimu ndiye ataamua."

"Kila kilichomo?"

"Kila neno."

Wifi alikunja uso. Alikuwa mwepesi wa hesabu, lakini hesabu hii ilikuwa bado haijamkalia.

Vanishi akaichukua ile karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kazi ambayo vanishi haijakauka. Akaipeleka mpaka upande wa pili wa meza, akaiweka mbele ya Kaka.

"Sitaweka pingamizi," akasema.

"Vanishi!" Mama Cherehani akalia.

"Sitaweka. Karakana chukua, Kaka. Jenga, pangisha, vunja, ni shauri lako. Nitaililia mpaka nizeeke, sikufichi, maana sina kwingine na sijui kazi nyingine. Lakini mbao zipo duniani, nitaomba pa kufanyia. Neno hili nimepewa mara moja, na lipo hapa tu." Akapumua. "Umesema mimi mfanyakazi. Sawa. Ila ukiitaka karakana, lazima useme neno la Baba, kwa kinywa chako, watu wakisikia. Nami nitakuwepo. Nitakaa mbele kabisa."

"Mdogo wangu..."

"Jizoeze hapa. Soma."

Kaka mtu alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama wakili. Wakili alikuwa ameshika kalamu, hakuandika.

"Soma tu tuondoke," wifi akasema. "Ni maneno ya karatasi."

Kaka akaivuta karatasi karibu. Akalegeza tai. Akaanza kutoka juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayesoma tangazo. Akalisoma jina la baba yake. Akasoma kwamba akili yake ni timamu. Akasoma nyumba, na hapo alisoma vizuri, bila kukwama. Vidole vyake vikafuata mstari, vikashuka.

"Karakana yangu," akasoma, "na vyote vilivyomo, nampa..."

Vidole vikasimama.

Akarudi nyuma kidogo kwenye mstari. "Na vyote vilivyomo, nampa..."

Tone la chozi likamdondoka juu ya wosia, likakosa wino kidogo tu. Wifi alinyoosha mkono aiondoe karatasi isiharibike, na Vanishi akamshika kifundo cha mkono, akamwambia bila kumtazama:

"Mwache, wifi. Bado neno moja."